Kusomea uuguzi ukiwa mtu mzima: hesabu ya kufanya kabla ya kulipa ada

Wengi wanaoniuliza kuhusu kusomea uuguzi wakiwa na miaka 35 au 40 huogopa darasa, kwamba hawataweza kukaa na vijana waliomaliza kidato cha nne juzi na kukariri nao majina ya mifupa. Kwa niliyoyaona tangu nilipoacha ukarani na kuingia chuoni nikiwa mzazi, darasa silo tatizo kubwa, kwa sababu mtu mzima anayejua kilichomtoa nyumbani husoma vizuri tu. Kinachombana ni miaka.

Hapa Tanzania, stashahada ya uuguzi na ukunga huchukua miaka 3, ukipanda ngazi ya 4, ya 5 na ya 6 za mafunzo ya ufundi (NTA), na baada ya hapo yapo masharti ya Baraza la Uuguzi na Ukunga kabla hujapata usajili na leseni. Matangazo ya ajira serikalini kwa kawaida humtaka mwombaji asizidi miaka 45. Anayeanza akiwa na 41 atamaliza akiwa na 44, na wakati anasubiri leseni na tangazo lenye nafasi, mlango unaweza kufungwa akiwa ameshika kitasa. Hata atakayeajiriwa akiwa na 45 kamili amebakiza miaka 15 kufikia umri wa kustaafu kwa lazima, ambao ni 60, na miaka hiyo ndiyo miezi 180 ya michango inayohitajika ili mtu alipwe pensheni ya kila mwezi, bila mwezi wa akiba. Hospitali za binafsi na za mashirika ya dini zina taratibu zake, kwa hiyo ziulize mapema. Ikiwa tayari ni mtumishi wa umma, kwa mfano mhudumu wa afya, hesabu yako ni nyingine, ila usiondoke kituoni bila ruhusa ya masomo ya maandishi.

Angalia pia cheti chako cha kidato cha nne. Vyuo hutaka ufaulu wa biolojia, kemia na fizikia, na aliyesoma masomo ya sanaa atalazimika kwanza kurudia mitihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, jambo linaloongeza mwaka au zaidi kwenye hesabu niliyoitaja.

Wodini ndipo umri unapofanya kazi pande zote mbili. Ndugu wa mgonjwa wataona mvi zako na kukufuata wewe, wakimpita muuguzi wa zamu aliye rika la mwanao, wakuulize kama mgonjwa wao aanze kupewa uji baada ya upasuaji. Wewe ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Unachotakiwa kufanya ni kumwita yule muuguzi wa zamu, umwite sista mbele yao, na usikilize anavyojibu. Wanafunzi wenye umri mkubwa niliowaona wakikwama walikwama hapa zaidi kuliko kwenye mitihani, kwa kuwa mtu aliyezoea kutoa amri ofisini au dukani huona uzito kuambiwa na mdogo wake kwamba shuka halikutandikwa sawasawa. Lakini mazoea hayohayo ya maisha husaidia pale mgonjwa anapokataa dawa na kijana mwenzako hajui aanzie wapi kuzungumza naye.

Hesabu za dawa zifanyie mazoezi hadi ziwe nyepesi. Lita 1 ya maji ya dripu inayotakiwa kuisha kwa saa 8, kwa mpira unaotoa matone 20 kwa kila mililita, ni takriban matone 42 kwa dakika, na utatakiwa kuyapata saa tisa usiku, umesimama kando ya kitanda na saa mkononi huku miguu imevimba. Mgongo nao hauna subira na mwenye miaka 40: jifunze mapema kumgeuza mgonjwa mkiwa wawili.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B hutolewa kwa dozi 3 ndani ya miezi 6, kwa hiyo ianze kabla ya muhula wa kwanza, usisubiri kupangiwa wodi. Na kabla ya kulipa chochote, kaeni kama familia mkubaliane kwa majina nani atalala na watoto usiku wa zamu, nani atawapeleka shule asubuhi inayofuata ukiwa bado unakabidhi wagonjwa, na fedha za nyumbani zitatoka wapi kwa miaka hiyo 3 ambayo mshahara wako wa zamani hautakuwepo.