Shika Gitaa Leo, Ratiba Itafuata

Ratiba ya miezi sita ya kujifunza gitaa hupendeza machoni, ila imeandikwa na mtu asiyejua bado vidole vyake vitakwama wapi. Kupanga nako kuna utamu wake. Ukishakusanya video 40 na kulinganisha magitaa matano, unajiona umefanya kazi, kumbe mkono haujagusa hata uzi mmoja.

Jipe nusu saa ya kupanga, basi. Humo jibu maswali mawili: leo nafanya zoezi gani, na nitajuaje kama limekubali?

Tuseme ni kuhama kutoka kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) iitwayo Em kwenda ile iitwayo Am. Uzi wa kwanza ni ule mwembamba kuliko wote, na freti ni nafasi kati ya vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa, zikihesabiwa kutoka kichwani mwake. Kwa Em, kidole cha kati kibonyeze uzi wa tano na cha pete uzi wa nne, vyote freti ya pili. Kwa Am, vidole hivyo hivyo vinahamia pamoja uzi wa nne na wa tatu, freti ile ile, na cha shahada kinakaa uzi wa pili, freti ya kwanza. Piga uzi mmoja mmoja. Uzi ukitoa mkwaruzo, mara nyingi kidole kiko mbali na chuma cha freti. Kisogeze hadi nyuma yake tu, upande wa kichwa cha gitaa. Uzi ukiwa bubu, kidole cha jirani kimeulalia, kwa hiyo kisimamishe kwa ncha.

Sasa weka saa dakika moja, uhesabu umehama mara ngapi. Andika namba. Wanaoanza wengi hunyanyua vidole juu kisha huvitua kimoja kimoja, na hapo ndipo muda unapopotea. Ukigundua cha shahada ndicho kinachochelewa kila mara, zoezi la kesho umeshalipata: kitangulize hicho. Hakuna ratiba ambayo ingekuonyesha hilo kabla hujashika gitaa.

Dakika 15 kila siku zinatosha, na ncha za vidole zikiuma sana pumzika. Saa mbili za mkupuo mwishoni mwa wiki hazifui dafu. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, aliandika mwaka 1885 kwamba marudio yaliyogawanywa siku kadhaa hushika kuliko yaliyorundikwa siku moja. Vidole navyo vina tabia hiyo.

Kwenye programu za kompyuta ni vivyo hivyo: andika mistari mitano inayouliza jina na kusalimu, iendeshe, kisha usome ujumbe wa kosa hadi mwisho, maana mara nyingi hutaja namba ya mstari wa kuanzia kutafuta.

Umeme wa nyumba na kupiga mbizi ni habari nyingine. Huko kosa la kwanza linaweza kuua, kwa hiyo tafuta mwalimu kabla ya kugusa chochote. Kwa gitaa, la kuazima linatosha, mradi nyuzi zishike sauti na zisikae juu mno ya freti. Zikikaa juu utabonyeza kwa nguvu zako zote na bado kodi itatoka imekufa.