Nikikonda Watasema Naumwa

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 43, kilo 84, urefu sentimita 158. Presha ilisoma 138/86, kituo cha afya wakanishauri nipungue. Lakini bibi yangu alikuwa mnene kunizidi na alifika miaka 80, tena nikikonda watu watasema naumwa. Je, unene unafupisha maisha kweli? – Mama Watatu, Masasi

JIBU: Marahaba, mama. Bibi alibahatika, wengi hawabahatiki. Zidisha 1.58 kwa 1.58, kisha gawanya 84 kwa jibu: unapata 33.6, namba ya uzito kulingana na urefu (BMI). Kuanzia 30 ni unene uliopitiliza. Tafiti kubwa, nyingi za Ulaya na Marekani, zilionyesha wenye BMI ya 30 hadi 35 hupoteza kwa wastani miaka 2 hadi 4 ya maisha, na wenye 40 hadi 45 miaka 8 hadi 10. Chini ya 18.5 vifo hupanda vilevile.

Namba ninayoitaka zaidi ni ya kiuno. Chukua futi ya fundi cherehani, papasa ubavu wa mwisho na juu ya mfupa wa nyonga, pima katikati ya hapo, ukishatoa pumzi kawaida. Wengi huipitisha chini ya tumbo, penye mkanda wa sketi, wakajidanganya. Kwako isizidi sentimita 79, yaani nusu ya urefu. Ikifika 88 hatari ni kubwa. Mafuta yanayozunguka ini na utumbo ndiyo yanayovuruga presha na sukari. Ya mapaja hayana ukali huo.

Presha irudiwe siku nyingine, ukiwa umekaa umetulia dakika 5. Mkono mnene ukifungwa kitambaa kidogo cha kipimo, namba hupanda bure, omba kikubwa.

Usikimbilie kilo 60. Kilo 4 tu, nusu kilo kwa wiki, zinatosha kuanza kushusha presha, na jirani hataona kitu. Anza na chai: vikombe 4 vya vijiko 3 ni karibu gramu 50 za sukari kwa siku. Korosho ni chakula kizuri, ila gramu 100 zina kalori zaidi ya 550, na msimu huu bakuli halitoki mezani. Chota konzi moja, gramu 30, uliondoe. Mboga ungia tui la pili. Samaki, kunde na kisamvu, kula. Tembea haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki.

Dawa za kukonda zinazokuharisha au kukukojoza achana nazo. Zinatoa maji, si mafuta, na madini ya potasiamu yakishuka mapigo ya moyo huvurugika.

Kuhusu maneno ya watu: kukonda kwa kuogopesha ni kule usikokutafuta. Kilo 4 zikiondoka wewe hujabadili chochote, hasa ukiwa na kikohozi cha wiki 2, jasho la usiku au kiu isiyokatika, nenda upimwe kifua kikuu, sukari na VVU.