Kabla hujanunua kontrola kubwa zaidi, hesabu meno ya gia

Wiki hii msomaji mmoja wa Kisasa, hapa hapa Dodoma, mrushaji wa helikopta ndogo za rimoti, ameniandikia: "Kaka, habari za kazi. Helikopta yangu ya mfano wa AS350, mapanga matatu ya milimita 700, inaelea vizuri, ila kontrola inachemka baada ya dakika nne mpaka inakata nguvu. Ni ya ampea 120. Ninunue ya 160?"

Usinunue, ndugu yangu. Kontrola, yaani kifaa kinachoipimia mota umeme kutoka kwenye betri, ya ampea 120 inatosha na kubaki. Kinachokuumiza ni mota, volti na gia ambavyo havikupangwa kwa kazi unayoifanya. Wauzaji wengi hupanga vifaa kwa ajili ya warusha sarakasi, wanaotaka mapanga yazunguke mara 2,000 na zaidi kwa dakika. Wewe umejenga helikopta ya kufanana na ile halisi, na hiyo uzuri wake ni mzunguko wa chini.

Tuanze na hewa, maana hapa ndipo watu wa Dodoma tunapoachwa na vitabu vya maelekezo. Mji wetu uko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba joto likifika nyuzi 30, hewa yetu inakuwa nyepesi kwa kama asilimia 17 kuliko hewa ya usawa wa bahari kwenye nyuzi 15, ambayo ndiyo kipimo cha kawaida cha hewa katika usafiri wa anga. Ili kubeba uzito ule ule kwa pembe ile ile ya mapanga, unahitaji mzunguko zaidi kwa karibu asilimia 10, na nguvu zaidi kwa kiasi hicho hicho. Kitabu cha bodi, yaani ganda la nje la helikopta, kikisema mizunguko 1,300, wewe lenga 1,400.

Sasa pima uzito. Weka kwenye mizani helikopta nzima, na bodi yake, rangi, taa na betri. Bodi ya aina hii huwa na kilo 8 hivi. Kwa uzito huo na mapanga hayo, kuelea tu kwa hewa yetu kunakula takribani wati 950 kutoka kwenye betri. Kwa betri za lipo (lithiamu polima) za seli 12, zikiwa kazini kwenye volti 42 hivi, hizo ni ampea 23. Ukipanda kwa nguvu au upepo ukikukamata vibaya unaweza kugusa 80 au 100 kwa sekunde chache. Unaona kwamba 120 si ndogo.

Hesabu ya mzunguko ni rahisi. Chukua Kv ya mota, yaani mizunguko yake kwa dakika kwa kila volti moja, zidisha kwa volti 44.4 zinazoandikwa kwa betri za seli 12, punguza asilimia 12 kwa ajili ya mzigo, kisha gawa kwa uwiano wa gia. Msomaji wetu ana mota ya Kv 520, piniani (gia ndogo ya kwenye mota) ya meno 13 na gia kuu ya meno 112, yaani uwiano wa 112 kwa 13. Inatoka karibu 2,360. Yeye anataka 1,400, kwa hiyo gavana, sehemu ya kontrola inayoshika mzunguko usibadilike, inaishikilia mota kwenye asilimia 59 ya uwezo huo. Hapo ndipo moto unapozaliwa. Kontrola haipunguzi nguvu kama bomba linavyofungwa nusu. Inawasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila kuwasha na kuzima kunaacha joto. Tena, betri ikitoa ampea 23 kwa asilimia 59, ndani ya mota na kontrola zinapita kama 39. Ukifungia yote hayo ndani ya bodi ya faiba isiyo na tundu la maana, juani, dakika nne ni nyingi.

Dawa ya bei nafuu ni piniani ya meno 11. Uwiano unapanda kutoka 8.6 hadi 10.2, mzunguko wa juu unashuka hadi karibu 2,000, na gavana inafanya kazi kwenye asilimia 70. Hapo inavumilika. Anayenunua mota upya atafute Kv 450: kwa piniani hiyo hiyo anapata 1,727, na gavana inakaa asilimia 81, pazuri kabisa, bado kuna akiba volti zikishuka ukiwa unapanda. Usivuke 85, maana betri ikichoka gavana haitakuwa na pa kuongezea na mkia utaanza kucheza. Hakikisha piniani ina saizi ile ile ya meno na tundu la shafti ya mota yako. Ukiifunga, pitisha kipande cha karatasi ya daftari kati ya gia: kitoke kimekunjika kama akodiani bila kuchanika.

Halafu toboa njia ya hewa. Kontrola ikae karibu na tundu la mbele, na tundu la kutokea nyuma liwe kubwa kuliko la kuingilia. Kama umerefusha waya za betri ili kuzipeleka betri puani helikopta isielemee nyuma, ongeza kapasita za volti 63 karibu na kontrola. Sevo (mota ndogo za kuongozea) na risiva (kipokezi cha rimoti) zipewe umeme wa peke yake pamoja na betri ndogo ya akiba. Hilo sijadili na mtu.

Wapo wanaoniuliza kwa nini wasitumie petroli, inayopatikana kila kituo. Kwa kurusha siku nzima Hombolo mbali na umeme, ina mvuto wake, na mchanganyiko wa 32 kwa 1 ni mililita 31 tu za oili ya tustroku kwa lita. Ila injini inapumua. Hewa yetu inainyang'anya kama asilimia 17 ya nguvu wakati huo huo mapanga yanadai asilimia 10 zaidi, na mota ya umeme haina hasara hiyo ya kwanza. Ukiichagua, chukua injini kubwa kuliko kitabu kinavyosema, punguza mafuta kwenye kabureta kwa sababu hewa ni nyepesi, na usiirushe bila chujio. Tabaini, injini ndogo ya jeti, ndiyo tamu kuliko zote kwa sauti na harufu, lakini inanyonya vumbi la kiangazi moja kwa moja kwenye kompresa. Bila sakafu ya zege ya kupaa na kutua, iache.

Betri nazo zina masharti ya safari. Pakiti ya seli 6 ya mAh 5,000 (mbili ndizo seti ya seli 12) ina wati-saa 111, na shirika la ndege lazima likubali kwanza. Mwisho mbili kwa abiria, ndani ya mkoba wa mkononi. Ya mAh 4,500 ina 99.9, inapita chini ya kikomo cha 100. Usiziache kwenye gari lililoegeshwa juani, na zikikaa bila kazi ziwe volti 3.8 kwa seli. Umeme ukikatika, betri ya sola ya volti 12 na Ah 100 inajaza seti mara mbili bila kuiumiza. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga uwe nacho kabla ya yote hayo, na kaa mbali na uwanja wa ndege na kambi za jeshi.

Ukimaliza kufunga piniani, ruka saa moja asubuhi, kabla ya visulisuli, dakika nne za kuelea tu. Tua, gusa: mota usiyoweza kuishika kwa sekunde tatu ina moto mwingi mno. Jaza betri uone zimeingia mAh ngapi. Zikiwa 1,500 hivi, unakula 375 kwa dakika. Asilimia 80 ya pakiti ya 5,000 ni 4,000, yaani dakika 10 na ushee. Weka kengele ya rimoti kwenye dakika 9.