Kuchelewa hakuhitaji uwezo

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi mapokezi katika hospitali moja hapa Dar es Salaam. Wiki iliyopita daktari wetu aliweza kuchelewa, nikawatangazia wagonjwa kwamba watasubiri masaa mawili. Mwenzangu akanisahihisha mbele yao, akasema si masaa mawili, ni saa mbili. Mzee mmoja aliposikia "saa mbili" akadhani daktari atakuja usiku, akachukua bahasha yake ya vipimo akaenda zake. Naomba uweze kunielewesha: kati yetu nani alikuwa sahihi? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Marahaba, binti yangu. Kwa sarufi, mwenzako alikuwa sahihi. Kwa wagonjwa, wewe ndiye uliyeeleweka.

Neno saa tumelipata kutoka Kiarabu, nalo likatulia katika ngeli ya I-/ZI-: saa hii, saa hizi. Halibadiliki kwa wingi, kama nyumba na ndizi zisivyobadilika. Kiswahili sanifu, basi, hakina masaa. Hata hivyo, wanaosema masaa hawasemi kwa ujinga. Wanatafuta namna ya kutenganisha saa ya ukutani na muda unaopita, maana "saa mbili" hubeba yote mawili, na yule mzee wenu ni shahidi. Nimelikemea neno hili muda mrefu mpaka nimechoka. Siku hizi katika mazungumzo naliacha lipite, na katika maandishi ya kazi bado nalikata. Rafiki naye asili yake ni Kiarabu, akavishwa ma-, na leo marafiki hawamshtui mtu yeyote. Huenda masaa nayo yatafika huko.

Wewe ukitaka kueleweka bila kuvunja sarufi, sema "mtasubiri kwa muda wa saa mbili". Bora zaidi, taja wakati wenyewe: "Daktari atafika saa tano na nusu asubuhi." Mgonjwa aliyekaa kwenye benchi anataka kujua kama ana nafasi ya kwenda kunywa chai na arudi saa ngapi. Na huyo mwenzako siku nyingine akuvute pembeni. Kumsahihisha mtu sarufi mbele ya wagonjwa ni kukosa adabu, hata kama sarufi iko upande wako.

Ya saa yameisha. Sasa turudi kwenye barua yako, maana imebeba kosa kubwa kuliko hilo uliloliuliza, na hukuliona kwa sababu mji mzima umeacha kuliona. Umeandika: "daktari wetu aliweza kuchelewa."

Aliweza! Kuweza ni kukabiliwa na jambo linalotaka nguvu, akili, nafasi au ruhusa, nawe ukawa nayo. Kuchelewa kunataka nini kati ya hayo? Mtu akijigeuza tu upande wa pili kitandani, amechelewa. Daktari wako alichelewa. Neno hilo moja lina mtenda, lina wakati, lina tendo, halipungukiwi kitu. Ulipolitanguliza "aliweza" hukuongeza habari yoyote. Umemfanya daktari aonekane kama aliyepambana asubuhi nzima ili achelewe, na hatimaye akafaulu.

Sikulaumu peke yako. Ofisini naandikiwa "nimeweza kupokea barua pepe yako", "kikao kiliweza kuahirishwa", "mteja aliweza kulalamika". Jirani ananieleza kwamba jana umeme uliweza kukatika. Lakini hakuna mahali ambapo neno hili linanipandisha hasira kama kwenye taarifa za ajali. Nimezisikia redioni na kuzisoma mitandaoni mpaka naijua sura yake: "Gari hilo liliweza kuacha njia, likaweza kupinduka, na watu wanne waliweza kufariki dunia papo hapo."

Tuitazame sentensi hii polepole, kwa sababu inastahili kutazamwa.

Gari liliweza kuacha njia. Kinyume cha kuweza ni kushindwa, na ajali tangu mwanzo hadi mwisho ni habari ya kushindwa. Dereva ameshindwa kulimudu gari, au breki zimeshindwa kushika. Mwandishi amechukua neno la ushindi akalibandika juu ya kushindwa, na hakusita. Likaweza kupinduka. Nani alikuwa amelizuia lisipinduke? Kisha inakuja ile ya mwisho: watu wanne waliweza kufariki. Huyo mwandishi afikirie kwamba mahali fulani, Mbagala au Kimara, kuna mama ameiweka redio karibu na jiko, na mwanawe alikuwa ndani ya gari lile. Anaambiwa kwamba mwanawe aliweza kufa. Kifo kimetangazwa kwa lugha ya mtu aliyefaulu mtihani.

Na taarifa hiyohiyo huwa na mahali ambapo neno hili lingekuwa na haki yake kamili. Abiria wawili walivunja kioo, wakajipenyeza, wakatoka nje wakiwa hai. Hao ndio walioweza! "Abiria wawili waliweza kutoka kupitia dirishani": hapo kila herufi inafanya kazi, kwa sababu walikuwa na kizuizi mbele yao na wakakishinda. Lakini mwandishi akifika kwenye sentensi hiyo, neno halina nguvu tena. Amekwisha kulitumia kwa gari, amekwisha kulitumia kwa marehemu, na msikilizaji hawezi tena kutofautisha walionusurika na waliokufa: wote "waliweza". Neno linakuwa kama mpira wa kufungia mzigo kwenye bodaboda, unaovutwa kwa kila kitu hadi siku moja haufungi kitu.

Kinachoniuma ni kwamba neno lenyewe ni zuri mno. Limezaa uwezo, uwezekano na kuwezesha. Limetupa "asiyejiweza", ambalo hutaja unyonge wa mtu bila kumdhalilisha. Tukisema "leo wamemuweza", kila mtu anaelewa kwamba mjanja amekutana na wajanja wenzake. Wazee wa pwani walilitumia hata kwa ugonjwa. Ukiuliza "Mama yuko wapi?" unajibiwa "Yuko ndani, hawezi," nawe huulizi hawezi nini. Unavua viatu, unaingia kumpa pole. "Siwezi" maana yake ilikuwa naumwa, mwili umenikatalia. Tazama jinsi neno moja lilivyobeba hali nzima ya mtu, kisha tazama tunavyolitumia leo kujazia nafasi.

Nawe, binti yangu, unafanya kazi mahali ambapo neno hili lina uzito kuliko studio yoyote ya redio. Muuguzi akiingia wodini asubuhi na kuuliza "Ameweza kula?", hiyo si lugha ya mapambo. Akiuliza kuhusu mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji jana, "Ameweza kukojoa?", jibu lake linaamua daktari atafanya nini baadaye. Sasa ndugu wa mgonjwa aliyezoea kuweza kila kitu anasimulia: "Usiku aliweza kutapika, halafu akaweza kuharisha, baadaye akaweza kunywa maji." Matatu hayo si ya aina moja. Kutapika na kuharisha vilimpata. Kunywa maji ndiko alikokuweza, nayo ni habari njema, pengine ndiyo habari muhimu kuliko zote usiku ule. Imefukiwa chini ya nyingine mbili zilizovaa nguo zilezile.

Ugonjwa huu tumeupata wapi? Mimi nalaumu hotuba. Mtu anaposimama kutoa taarifa ya utekelezaji husema: tumeweza kujenga madarasa, tumeweza kuchimba visima, tumeweza kuwafikia wananchi. Hapo neno lina sababu, maana fedha zilikuwa chache na kazi imefanyika. Wasikilizaji wakaona kwamba wakubwa huzungumza hivyo, wakalichukua bila sababu yake. Likaingia kwenye risala za harusi, likaenda kwenye mahojiano ya kazi, likatua kwenye makundi ya WhatsApp ya ofisi. Lina faida moja kwa msemaji: linampa muda wa kufikiri anachotaka kusema. Ndugu zake wa ukoo huo nawajua pia, yule "suala zima la" na yule "zoezi zima la", lakini leo nawaacha wapumzike.

Umemaliza barua yako kwa "naomba uweze kunielewesha". Wengi watakutetea kwamba hiyo ni heshima. Siikubali hoja hiyo. Heshima katika Kiswahili ina mahali pake, na wewe uliishaitoa yote: umeamkia, umeniita Mwalimu, umesema naomba. Baada ya naomba, kitenzi chetu kina ile -e ya mwisho ambayo yenyewe ni ombi: naomba unieleweshe, naomba unisaidie, naomba unitumie. Ukisema "naomba uweze kunitumia ripoti", umeacha kuniomba ripoti, unaniombea uwezo, kana kwamba mikono yangu ina matatizo. Na bosi mvivu ana njia ya kutokea hapo: ameombwa aweze, hakuombwa atume.

Swali la "Unaweza kunisaidia?" nalivumilia, ingawa silipendi. Ni swali kweli, lina alama ya kuuliza, na anayeulizwa anaweza kusema hapana bila kuonekana mkorofi. Dukani mtu akisema "unaweza kunipa chumvi?" simgeukii. Lakini "naomba chumvi" ni fupi, ina adabu, na mwenye duka amekwisha kunyoosha mkono kabla hujamaliza.

Wapo watakaosema kwamba lugha inakua na mzee huyu anaizuia. Lugha ikue, sina ugomvi. Lakini kukua ni kupata tofauti mpya za maana, na hapa tunapoteza tofauti tuliyokuwa nayo. Anayesema masaa anaongeza kitu: anatenganisha muda na saa ya ukutani. Ndiyo maana naweza kumsamehe. Anayesema "waliweza kufariki" anafuta mpaka uliopo kati ya kutenda na kutendwa, kati ya kushinda na kupatwa, wala haweki kingine badala yake.

Hasara yake inaonekana wazi zaidi mahakamani. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Mahakama za mwanzo zilikuwa zikikitumia tangu zamani. Sasa shahidi anasimama na kusema: "Mshtakiwa aliweza kumpiga mlalamikaji." Alimpiga, au alikuwa na uwezo wa kumpiga? Hayo ni mambo mawili, na mtu anaweza kufungwa kwa moja na asifungwe kwa jingine. Shahidi mwingine anasema: "Niliweza kumtambua." Huyu ametumia neno mahali pake hasa, kwa sababu katika kesi za usiku mahakama hutaka kujua mwanga ulitoka wapi, umbali ulikuwa kiasi gani, na alimtazama kwa muda gani, yaani aliwezaje. Lakini kama shahidi huyohuyo dakika mbili nyuma alisema aliweza kuamka, akaweza kusikia kelele, akaweza kuogopa, wakili wa upande wa pili atamuuliza swali moja tu kuhusu kuweza kwake, na ushahidi wote utayumba.

Wanaojifunza Kiswahili ukubwani ndio wanaotusuta zaidi. Mgeni amefundishwa darasani kwamba kuweza ni kuwa na uwezo. Anatoka nje, anasikia kwamba abiria waliweza kufariki, anarudi kwa mwalimu wake na kuuliza kwa nia safi kabisa: kwani walikuwa wanataka? Mwalimu hana jibu ambalo halitamwaibisha mzawa.

Unapoandika, kagua hivi. Liondoe neno, usome tena. "Daktari aliweza kuchelewa", ondoa, "daktari alichelewa". Kama maana haikupungua, lilikuwa takataka. "Mgonjwa ameweza kusimama", ondoa, "mgonjwa amesimama". Hapa kuna kitu kimepotea: zile siku za kulala, ule mkono uliomshika, lile jasho. Basi lirudishe, kwa sababu hapo ndipo kwake.

Katika maongezi ya kijiweni sitamkamata mtu. Ulimi una haraka zake, na kila mmoja wetu ana neno analoliegemea akitafuta jingine. Kwenye maandishi ya kazi silivumilii: taarifa ya mgonjwa, maelezo ya polisi, barua kwa mteja, habari ya msiba. Huko si kazi ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, kuja na kalamu nyekundu. Baraza hilo lipo kwa sheria tangu 1967, na haliwezi kukaa katika kila chumba cha habari. Ni kazi ya mhariri wa zamu, yule aliye macho saa nne usiku wakati taarifa ya ajali inapoletwa mezani. Akikuta "waliweza kufariki", aandike "walifariki", kisha ndipo aipeleke hewani.