Betri ya laptopu: uimalize mpaka izime au uiache kwenye chaja kutwa?

Mkuu mleta uzi, umeuliza vitu viwili, fundi wako kakwambia uache laptopu iishe kabisa ndo uchaji, na pili unataka kujua kama kuiacha imechomekwa kutwa nzima ofisini inaua betri. Mi niko Arusha, nafanya kazi ofisi ya utalii, mashine zetu karibu zote ni mtumba na zinashinda mezani zimechomekwa kuanzia asubuhi, kwaiyo hili swali nimeishi nalo.

Ya kuimaliza mpaka izime achana nayo. Huo ushauri ni wa betri za zamani za nikeli, zile kweli ukizichaji nusunusu zilikuwa zinapungua uwezo. Za sasa ni lithiamu, Sony ndo walianza kuziuza 1991, na hazina hiyo tabia kabisa, tena kuzishusha mpaka sifuri kila siku ndo unazichosha. Ile ya "ikiwa mpya chaji masaa 8 kwanza" nayo ni ya enzi hizohizo. Chomeka ikifika asilimia 20 au 30, chomoa ukitaka, haina shida, na ujue mzunguko mmoja wa chaji unahesabiwa kwa jumla, ukitumia asilimia 50 leo na 50 kesho huo ni mzunguko mmoja, sio miwili.

Sasa ya kuacha kwenye chaja kutwa, hapa ndo watu wanachanganya. Betri ikishajaa umeme hauendelei kuingia, kuna saketi inakata na mashine inakula umeme wa chaja moja kwa moja, kwaiyo habari ya "kuovachaji" kwa chaja nzima isikusumbue. Kinachoua betri ni kukaa imejaa mda mrefu, halafu joto, na vikikutana vyote viwili ndo balaa. Seli, yaani kipande kimoja cha ndani ya betri, ikijaa inafika kama volti 4.2, na huko juu kemikali za ndani zinaharibika taratibu hata kama hujaigusa mashine. Kuna makadirio yanatajwa sana, kwamba betri ikihifadhiwa mwaka mzima kwenye nyuzi 25 ikiwa na chaji asilimia 40 inabaki na uwezo wa kama 96, lakini ikihifadhiwa imejaa inabaki na kama 80, na ukiiweka imejaa kwenye nyuzi 40 inabaki kama 65 hivi. Ona hiyo tofauti, na hapo haijafanya kazi yoyote.

Dawa yake ni kuweka kikomo cha chaji kwenye asilimia 80. Lenovo unafungua programu yao ya Vantage, ASUS iko kwenye programu ya MyASUS, Dell na HP nyingi za ofisini unaikuta ndani ya BIOS, zile setingi unazoingia mashine ikianza kuwaka kabla ya Windows, kwenye mambo ya betri. Mashine zetu zote za mezani nimezisetia hivyo na kwa maoni yangu hii setingi peke yake inashinda ushauri mwingine wote utakaopewa humu. Kama mashine yako ni ya kitambo na haina hiyo kitu basi chomoa ukikumbuka, ila usijitese, kukaa unachungulia asilimia kila dakika ni kazi nyingine.

Kuna mdau hapo juu kasema kwa umeme wetu huu 80 ni anasa, umeme ukikatika unabaki unalia. Ana hoja, mi sibishi. Mgeni yuko Ujerumani anasubiri kotesheni, umeme umekwenda, asilimia 20 ni kama nusu saa au zaidi ya kazi. Ninachofanya ni kwamba nikisikia kesho mtaani kwetu kuna matengenezo, au kesho yake naingia porini, jioni natoa kikomo inajaa mpaka 100, nikirudi naweka tena. Kujaa sio dhambi, shida ni kujaa halafu ikae hivyo wiki nzima. Na umeme ukikatika chomoa chaja, ukirudi subiri dakika chache ndo uchomeke, maana ule unaorudi kwa kishindo mara nyingi chaja ndo inaanza kufa, halafu unaenda kununua ya bei chee isiyo na jina, inachemka kama pasi.

Joto ndo la kuangalia zaidi, hasa nyie wa Moshi. Sisi huku tuko kwenye mita kama 1,400, Julai tunavaa makoti, nyie mko chini ya 1,000, Februari mtu anaacha laptopu ndani ya gari imepaki juani pale sokoni, madirisha yamefungwa. Usifanye hivyo. Usiiweke kwenye godoro au blanketi ikiwa inachaji, matundu ya hewa yanazibwa. Na vumbi letu hili linajaa kwenye feni, mpe fundi aifungue aisafishe mara mojamoja, mashine ikipoa na betri inapoa.

Baridi nayo ina mambo yake, kwa wale wanaopanda na vifaa mlimani. Pale kambi ya Kibo, Kilimanjaro, zaidi ya mita 4,700, usiku inashuka chini ya sifuri na betri inaonekana imeisha kumbe imeganda tu, ikipata joto chaji inarudi. Ila usiichaji ikiwa na baridi ya hivyo, lithiamu inajigandisha vibaya ndani na uharibifu huo haurudi. Lala nayo ndani ya slipingi begi, asubuhi ndo uchomeke pawabenki.

Kujua hali yako ikoje, kwenye Windows fungua lile dirisha jeusi la komandi uandike powercfg /batteryreport, inakupa faili. Linganisha DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY, kama ilitoka kiwandani na 50,000 na sasa inajaa 30,000 basi umebaki na asilimia 60. Ukienda kununua mtumba mwombe muuzaji akufungulie hiyo ripoti hapohapo dukani, akianza kuzungusha maneno ujue.

Na kama tachpadi imeanza kuinuka au kava la chini halifungi vizuri, hiyo betri imevimba. Zima, usichaji tena, usiitoboe, na usiitupe kwenye taka zinazochomwa nyuma ya nyumba, inalipuka. Mpelekee fundi aitoe. Hapo hakuna tabia ya kuchaji itakayoirudisha, ni kununua nyingine tu.