Ruzuku ya kuwafunza polisi: anzeni na barua

Dada, umeuliza asasi yenu ya Moshi ipate wapi ruzuku ya kuwafunza polisi kupokea kesi za ukatili wa nyumbani na ubakaji. Jaribuni Women Fund Tanzania au Foundation for Civil Society, lakini kwanza pateni barua ya Kamanda wa Polisi wa Mkoa. Bila hiyo andiko lenu halina miguu.

Msiombe hela ya semina ya hotelini tu, posho na chai (tumezichoka). Wekeni mazoezi: mama kafika kaunta, jicho limevimba, askari anampeleka faragha Dawati la Jinsia (ofisi ya kituoni ya kesi hizi) na kumjazia PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, bila kumuuliza, “Ulimkosea nini mumeo?” Zamu ya usiku nayo ifunzwe. Bajeti iwe na fungu la ufuatiliaji, wafadhili huliulizia.