Gitaa na Harmonika Katika Bluzi: Ushauri kwa Wawili Wanaotaka Kupiga Pamoja

Mtu akiniuliza aanzie wapi ikiwa yeye ana gitaa kavu na mwenzake ana harmonika, humjibu kwamba kabla ya kutafuta wimbo wakubaliane kwanza juu ya ufunguo, yaani noti ambayo ndiyo do ya wimbo, kwa sababu ile harmonika ndogo ya matundu 10 hutengenezwa kwa ufunguo mmoja tu, ilhali gitaa linaweza kuhama kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine. Wengi hudhani kwamba gitaa likipigwa katika E, harmonika nayo iwe ya E. Wapigaji wa bluzi kwa kawaida huchukua ya A. Aliyepitia kwaya na kuimba kwa solfa ataipata hesabu hii bila kitabu: ufunguo wa gitaa uwe do, kisha apande hadi fa, na hiyo fa ndiyo harmonika anayoitafuta. Gitaa la G litataka harmonika ya C, na la A litataka ya D.

Sababu iko kwenye pumzi. Katika harmonika ya A, mtu akivuta pumzi kwenye tundu la kwanza hadi la nne hupata B, E, G shapu na B, yaani kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) kamili ya E, na katika matundu hayo ya chini noti za kuvuta ndizo zinazokubali kuteremshwa. Tundu la tatu ndilo lenye utajiri. Ukilivuta huku ukirudisha ulimi nyuma taratibu, kana kwamba unatoka kwenye sauti ya "i" kwenda kwenye "u", ile G shapu huanza kulegea kuelekea G, na kile kilio ambacho watu hukitambua mara moja kuwa ni bluzi hukaa katikati ya noti hizo mbili. Usilazimishe kwa nguvu ya mapafu, kwani vilimi vinavyotoa sauti ndani ya harmonika ni vyembamba na huchoka mapema.

Harmonika haikazwi wala kulegezwa kama nyuzi, kwa hiyo gitaa ndilo liifuate: mwenzako avute tundu la pili kwa upole, nawe ulinganishe uzi wa sita, ule mnene kuliko yote, na E hiyo.

Kwa upande wa gitaa, kazi kubwa ni ya kidole gumba. Katika bluzi ya Piedmont, ukanda wa kusini-mashariki mwa Marekani, gumba hurukaruka kati ya nyuzi mbili za besi bila kukoma huku kidole cha shahada kikipiga sauti ya juu, na Reverend Gary Davis, aliyezaliwa South Carolina mwaka 1896, alitumia vidole hivyo viwili tu. (Aliyejifunza gitaa kwa kumfuatisha Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, ambaye naye alipiga kwa gumba na shahada, atakuta mkono wake wa kulia umeshakwenda nusu ya safari.) Ningependa gumba lizoeleke hivi kwamba mpigaji aweze kuzungumza na mtu huku besi ikiendelea, maana asipofikia hapo hataweza kuimba.

Baada ya hayo linakuja jambo ambalo mimi hulitilia mkazo kuliko mengine yote, nalo ni kunyamaza. Bluzi ya kawaida ina vipimo 12, kila kimoja cha mapigo manne: vinne vya kodi ya E, viwili vya A, viwili vya E, kimoja cha B7, kimoja cha A, na viwili vya mwisho vya E. Ndani yake huimbwa mistari mitatu, na kila mstari hupewa vipimo vinne, lakini maneno huchukua takribani viwili tu. Vile viwili vinavyobaki ni mali ya harmonika, ambayo huitikia kama waitikiaji wanavyompokea mghani. Harmonika ikilia juu ya maneno, hadhira haisikii maneno wala harmonika.

Kwa hili msikilizeni mpiga harmonika Sonny Terry. Alikuwa kipofu, na katika miaka ya 1930 alipiga na mpiga gitaa Blind Boy Fuller huko Durham, mji wa tumbaku katika jimbo la North Carolina. Mwaka 1938 alipanda jukwaa la Carnegie Hall, ukumbi mashuhuri wa muziki jijini New York. Fuller alipofariki mwaka 1941, Terry aliendelea na mpiga gitaa Brownie McGhee, na ushirika wao ulidumu zaidi ya miaka 30. McGhee anapoimba, Terry hushikilia kodi fupi za mdundo au hunyamaza kabisa, halafu mstari unapoisha huingia kwa kishindo, mara nyingine akichanganya noti na ukelele wa koo lake mwenyewe. Kwa maoni yangu, anayeanza anufaike kwanza na zile kodi fupi, kwa sababu ukelele ule ni wa Terry na ukiigwa huchekesha.

Mkubaliane pia namna ya kumaliza. Katika vipimo viwili vya mwisho, mpiga gitaa akigusa B7 maana yake duru inaanza upya, na akibaki kwenye E wimbo umekwisha. Harmonika isubiri kodi hiyo kabla ya kuvuta noti yake ya mwisho.